Maswali ya Wasomaji: Nairobi hadi New York, Kilomita Ngapi na Saa Ngapi?

Barua tulizozichagua safari hii zinahusu njia moja ya anga, ile ya kutoka Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Jomo Kenyatta, Embakasi, hadi uwanja wa John F. Kennedy ulioko Queens, New York. Safari ya moja kwa moja kati ya viwanja hivyo ilianzishwa na shirika la Kenya Airways tarehe 28 Oktoba 2018, nayo ilikuwa ya kwanza ya aina hiyo kati ya Kenya na Marekani. Kabla ya hapo msafiri hakuwa na budi kubadilisha ndege Ulaya, Ghuba au Addis Ababa.

SWALI: Ndugu Mhariri, binti yangu anakwenda kusoma New York mwezi Januari. Tiketi yake inaonyesha kwamba ataondoka Nairobi 23:25 na kufika 06:25 kesho yake. Nilipohesabu nilipata saa saba, nikafurahi kwamba si mbali kama nilivyodhani. Kaka yake anashikilia kwamba ni saa 15. Tena amenionyesha kwenye simu kwamba umbali ni takriban kilomita 11,800 na kwamba ndege huenda kilomita 900 kwa saa, hesabu ambayo kwangu inatoa saa 13. Sasa nina majibu matatu kwa safari moja. Lipi ni la kweli?
Mama wa mwanafunzi, Likoni, Mombasa

JIBU: Mama, saa 15 ndizo atakazokaa binti yako ndani ya ndege. Hizo saba na hizo 13 nazo zina asili yake, na inafaa kuzieleza moja baada ya nyingine kwa sababu wasafiri wengi huzichanganya.

Tuanze na saba. Muda unaochapishwa kwenye tiketi ni wa mahali ndege ilipo: wa kuondoka husomwa kwa saa ya Nairobi, na wa kufika husomwa kwa saa ya New York. Afrika Mashariki iko saa 3 mbele ya saa ya kimataifa, na New York, katika miezi ya baridi, iko saa 5 nyuma yake, kwa hiyo kati ya Likoni na New York kuna tofauti ya saa 8. Binti yako ataondoka saa tano na dakika 25 usiku. Atakapotua kukiwa saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi kule, saa ya ukutani kwako itakuwa ikisoma saa nane na dakika 25 mchana. Hesabu kutoka usiku ule hadi mchana huo, nawe utazipata saa 15 kamili. Akirudi, mambo yatageuka. Ndege inayoondoka New York saa sita na dakika 25 mchana na kutua Nairobi kesho yake saa nne na dakika 55 asubuhi huonekana kwenye karatasi kana kwamba imesafiri saa 22 na nusu, lakini ukitoa zile 8 utabaki na 14 na nusu.

Kumbuka pia kwamba Wamarekani husogeza saa zao mbele Jumapili ya pili ya Machi na kuzirudisha Jumapili ya kwanza ya Novemba, ilhali sisi hatugusi zetu. Katika kipindi hicho tofauti huwa saa 7. Ukimpigia simu saa tatu usiku mwezi Februari utamkuta saa saba mchana. Ukimpigia muda uo huo mwezi Aprili, kwake ni saa nane. Mashirika ya ndege nayo hulazimika kurekebisha ratiba mara mbili kwa mwaka, na ndiyo maana tiketi ya Julai na tiketi ya Januari za ndege ile ile zaweza kutofautiana kwa saa moja bila ya safari yenyewe kurefuka wala kufupika.

Jambo moja ambalo tiketi haisemi ni kwamba usiku wake utakuwa mrefu kuliko wowote aliowahi kuuona. Januari jua la Nairobi huzama kiasi cha saa kumi na mbili na dakika 40 jioni, na la New York huchomoza saa moja na dakika 20 asubuhi. Kwa kuwa ndege inaelekea magharibi, upande uleule usiku unakoelekea, itasafiri gizani karibu njia nzima, na kwa saa ya Mombasa jua halitachomoza mpaka saa tisa na dakika 20 mchana. Tangu kuzama hadi kuchomoza ni zaidi ya saa 20. Wahudumu watawasha taa na kuleta kiamsha kinywa nje kukiwa bado kweusi. Kama binti yako huswali, alfajiri yake itachelewa hivyo hivyo, na ni vyema amuulize mapema shekhe anayemwamini namna ya kupanga nyakati safarini.

Sasa zile 13. Kilomita 11,800 ni umbali wa mstari mfupi kuliko yote juu ya uso wa dunia kati ya viwanja hivyo viwili, na kilomita 900 kwa saa ni mwendo wa Boeing 787, ndege inayotumika katika safari hii, ikiwa imekwisha kufika juu na hewa iliyoizunguka imetulia. Ndege haiishi katika hali hiyo tangu mwanzo hadi mwisho. Muda wa ratiba huhesabiwa tangu ndege inapoondoka kwenye maegesho hadi inapoegeshwa tena, na ndani yake mna mwendo wa polepole kuelekea njia ya kurukia, kungoja zamu, kupanda na kushuka. Anga la New York linagawanywa na viwanja vitatu vikubwa, Kennedy, LaGuardia na Newark, na rubani anayewasili anaweza kuelekezwa kuzunguka kabla ya kuruhusiwa kutua. Hayo yote hula kama saa moja.

Saa nyingine huliwa na upepo, na hapo wewe wa Pwani huna haja ya kufundishwa. Kama vile jahazi lililongoja kaskazi lilivyoshuka kutoka Arabuni kwa raha na kuteseka likijaribu kurudi kabla ya kusi, ndivyo ndege inavyosaidiwa au kuzuiwa na upepo wa juu. Katika kimo cha kilomita 9 hadi 12, kaskazini mwa dunia, hupita mkondo wa upepo mkali unaotoka magharibi kwenda mashariki, na katika miezi ya baridi kasi yake hupita kilomita 200 kwa saa mahali pengi. Ndege ya kwenda New York hukutana nao kwa mbisho juu ya Atlantiki. Ukipunguza wastani wa kilomita 50 tu kwa saa katika mwendo wake wote, kilomita 11,800 huchukua karibu saa 14 badala ya 13. Ukiziongeza wakati wa kurudi, zinachukua saa 12 na nusu hivi. Mashirika huongeza pia akiba kidogo katika ratiba, kwa hiyo usishangae binti yako akikuambia kwamba ndege ilitua nusu saa kabla ya wakati.

Nguvu ya mkondo huo ilionekana vizuri usiku wa tarehe 8 kuamkia 9 Februari 2020, pale dhoruba iliyopewa jina la Ciara ilipoisukuma ndege ya British Airways kutoka New York hadi London kwa saa 4 na dakika 56. Safari hiyo kwa kawaida huchukua zaidi ya saa sita. Ndege za upande wa pili siku hiyo hazikuwa na bahati kama hiyo.

SWALI: Ninafundisha Jiografia. Wanafunzi wangu walichora mstari kwa rula kwenye ramani ya Mercator iliyo ukutani, kutoka Nairobi hadi New York, nao ukapita Jamhuri ya Afrika ya Kati na Nigeria na kutokea Atlantiki upande wa Mauritania. Mmoja wao akachukua tufe na kuvuta uzi kati ya miji hiyo, nao ukapita Chad, Algeria na Morocco. Darasa liligawanyika, na kengele ililia kabla hatujamaliza ubishi. Ndege hufuata njia ipi?
Mwalimu, Kisumu

JIBU: Mwalimu, aliyechukua tufe anastahili alama zote. Dunia ni mviringo, na ramani yoyote bapa lazima ipotoshe kitu. Ile ya Mercator, iliyochorwa mwaka 1569 kwa ajili ya mabaharia, hulinda mwelekeo wa dira na kupotosha umbali. Mstari wa rula juu yake ni njia ambayo nahodha angeweza kuifuata bila ya kubadilisha mwelekeo hata kidogo, jambo lililokuwa na manufaa makubwa zama za dira na tanga. Ufupi ni suala jingine. Kwa safari hii, njia ya rula ina urefu wa takriban kilomita 12,190, ilhali ile ya uzi ni 11,840 hivi. Tofauti ya kilomita 350 ni zaidi ya dakika 20 angani, pamoja na karibu tani mbili za mafuta.

Ukiifuata njia ya uzi kwa makini, utaona kwamba inaondoka Nairobi ikielekea kaskazini-magharibi hasa, inapita kaskazini mwa Uganda na Sudan Kusini, inakata kona ya Darfur, kisha Chad, Niger na jangwa la Algeria, na kuiacha Afrika kwenye pwani ya Morocco karibu na mji wa Safi. Kutoka hapo inapita juu ya visiwa vya Azores, na inaendelea kupanda hadi kama nyuzi 42 za latitudo ya kaskazini, kusini mwa Newfoundland. New York yenyewe iko chini ya nyuzi 41. Hivyo ndege inayotoka karibu na Ikweta huenda kaskazini kupita mji inaokwenda, kisha inashuka kidogo kuufikia, na sidhani kama kuna mfano mzuri zaidi wa kuwaonyesha wanafunzi kwamba ukuta wa darasa si dunia.

Azores si mapambo tu ya ramani. Ndege ya injini mbili inayovuka bahari hutakiwa kubaki ndani ya muda uliowekwa wa kufikia uwanja wa dharura endapo injini moja itazimika, na visiwa hivyo ndivyo kimbilio la katikati ya Atlantiki. Tarehe 24 Agosti 2001 Airbus ya shirika la Air Transat, iliyokuwa ikitoka Toronto kwenda Lisbon, iliishiwa mafuta baharini baada ya bomba kuvuja, injini zote mbili zikazimika, na marubani wakaiongoza ikielea tu angani hadi uwanja wa Lajes, kisiwani Terceira. Watu wote 306 walitoka hai.

Hata hivyo, msiichore njia ya uzi kwa wino. Waongozaji wa safari hupanga njia upya kila siku, na mara nyingi njia iliyo ndefu kwa kilomita 200 huwa fupi kwa dakika kwa kuwa inaukwepa upepo. Njia za Atlantiki ya Kaskazini zenyewe huhamishwa kila siku kufuatana na mkondo ule niliomweleza mama wa Likoni. Siasa nayo ina sehemu yake: anga la Sudan lilifungwa vita vilipozuka Aprili 2023, na anga la Libya limekuwa la kuepukwa kwa miaka mingi. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuifuatilia ndege yenyewe ikiwa angani na kuchora alichokiona kwa siku chache mfululizo. Atapata mistari inayotofautiana, na swali la kwa nini ilitofautiana litawafundisha zaidi ya jibu langu.

SWALI: Kwa nini ndege isipande juu na kusubiri tu, dunia izunguke chini yake mpaka New York ifike?
Mwanafunzi wa kidato cha tatu, Morogoro

JIBU: Kwa sababu ndege haiachani na mzunguko huo inapoondoka ardhini. Karibu na Ikweta ardhi inakimbia kuelekea mashariki kwa takriban kilomita 1,670 kwa saa, na wewe, ndege iliyoegeshwa na hewa yote iliyo juu yenu mnakimbia nayo. Ikiruka, ndege inabaki ndani ya hewa hiyo hiyo. Kama dhana yako ingekuwa sahihi, safari ya kuelekea magharibi ingekuwa fupi mno kuliko ya kurudi, lakini umeona hapo juu kwamba ndiyo iliyo ndefu. Mzunguko wa dunia una mchango, ila ni wa njia ya kando: ndio unaosaidia kuugeuza upepo wa juu uvume kutoka magharibi.

SWALI: Niko Dar es Salaam na sina ndege ya moja kwa moja kwenda New York. Wakala amenipa njia tatu: kupitia Nairobi, kupitia Addis Ababa na kupitia Doha. Anasema zote ni sawa na nichague kwa bei. Je, ni sawa kweli?
Msomaji, Temeke

JIBU: Ndugu yangu wa Temeke, kwa bei ni wewe na mfuko wako. Kwa umbali haziko sawa hata kidogo. Mstari mfupi kutoka uwanja wa Julius Nyerere hadi Kennedy ni kama kilomita 12,440. Ukipitia Nairobi utasafiri takriban 12,500, maana Nairobi iko karibu kabisa na mstari huo na utakuwa umeongeza kilomita zisizofika 100. Ukipitia Doha, utaanza kwa kilomita 3,800 za kwenda kaskazini-mashariki, huku New York ikiwa upande wa pili, kisha utaanza nyingine 10,770, na jumla yake inapita 14,500. Ni nyongeza ya zaidi ya kilomita 2,000, yaani saa mbili na nusu hivi za kuketi angani, kabla hatujahesabu kungoja. Istanbul, kama wakala angekutajia, ingekuwa katikati, yaani kama kilomita 13,490.

Addis Ababa inahitaji maelezo ya peke yake, kwani kwenye ramani ndiyo inayovutia. Kutoka Addis hadi New York ni kama kilomita 11,200, pungufu ya Nairobi kwa zaidi ya 600. Pamoja na hayo, kwa miaka mingi ndege za Ethiopian Airlines ziendazo pwani ya mashariki ya Marekani zimekuwa zikisimama njiani, Lomé, Abidjan au Dublin, ilhali za kurudi kutoka Washington huja moja kwa moja hadi Addis. Sababu kubwa iko ardhini. Uwanja wa Bole uko mita 2,334 juu ya usawa wa bahari, ambako hewa ni nyepesi. Bawa hupata nguvu ya kunyanyua kutokana na hewa inayopita juu na chini yake, na injini nayo huhitaji hewa hiyo hiyo kuunguza mafuta. Ikiwa nyepesi, ndege hulazimika kukimbia kasi zaidi na mbali zaidi ardhini kabla ya kuruka, na kuna kikomo cha uzito inachoweza kunyanyua. Mzigo mzito kuliko yote inayopakiwa katika safari ndefu ni mafuta. Rubani wa Addis anapaswa kuchagua kati ya tangi lililojaa na ndege iliyojaa watu na mizigo, na kituo cha Lomé kinamwezesha kuondoka na nusu ya mafuta na abiria wote. Akitokea Marekani, kwenye uwanja ulio karibu na usawa wa bahari, tatizo hilo halipo.

Nairobi ina tatizo lilo hilo kwa kiwango cha chini. Embakasi iko mita 1,624 juu ya bahari, na hewa yake ni nyepesi kwa takriban asilimia 17 kuliko ya Mombasa kwa joto lile lile. Jua la mchana likipiga, hupungua zaidi, kwani hewa yenye joto hutanuka. Kuondoka usiku, wakati baridi ya Nairobi imeingia, kunaisaidia ndege kuruka na uzito zaidi, ingawa ratiba ya kufika asubuhi New York nayo ina mvuto wake wa kibiashara. Njia ya kurukia yenye urefu wa zaidi ya kilomita 4 inafanya sehemu iliyobaki. Ndege yenyewe, Boeing 787-8 yenye viti 234, hupaa ikiwa na marubani wanne wanaopokezana, kwa sababu hakuna wawili wanaoruhusiwa kukaa usukani kwa saa 15 mfululizo.

Sasa usichukue kilomita peke yake. Kutoka Dar hadi Nairobi ni kama saa moja na dakika 20 angani, kwa hiyo kupitia Nairobi safari yako angani ni kiasi cha saa 16 na nusu, ilhali kupitia Doha ni takriban 20. Lakini kinachoamua utafika saa ngapi ni muda wa kungoja katikati. Mwulize wakala ndege ya Dar inatua Nairobi saa ngapi na ya New York inaondoka saa ngapi siku hiyo hiyo uliyoichagua, kwa kuwa safari ya New York haiondoki kila siku katika kila msimu. Ukikuta unatakiwa kungoja saa tisa Nairobi na saa mbili tu Doha, njia ndefu itakufikisha mapema kuliko fupi. Hakikisha pia kwamba vipande vyote viwili vimo katika tiketi moja: ndege ya kwanza ikichelewa na ukaikosa ya pili, shirika litawajibika kukutafutia nyingine, na mzigo utapelekwa mpaka mwisho. Mwenye tiketi mbili zilizonunuliwa mbali mbali ili kuokoa fedha atabaki na hasara peke yake.

Na ikiwa New York si mwisho wa safari yako, bali unaendelea na ndege nyingine ya ndani, omba nafasi ya saa tatu au nne hapo Kennedy. Msafiri hukaguliwa pasi na viza katika uwanja wa kwanza anaotua Marekani, huchukua mzigo wake mwenyewe, hupita forodha, kisha huukabidhi upya kwa safari inayofuata, hata kama Dar es Salaam waliubandika karatasi yenye jina la mji wa mwisho.